Giza la Watu Wawili

Mtu aliyetuwashia taa miaka yote hiyo hakupenda mwanga. Najua mtacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka siku ya kwanza aliponifokea kutoka nyuma ya ukumbi, nikiwa jukwaani na machozi yangu ya kuigiza, eti nimesimama mahali pasipofaa. "Weye Mama, sogea kule! Pale iko mwanga ya bibi-arusi, na weye unalia!" Nikasogea. Hakuna aliyebishana na Fundi wa Mataa, isipokuwa binti yake, na mimi baadaye, nilipomzoea.

Jina lake silitaji, maana hata sisi ukumbini hatukulitumia. Wanakwaya walimwita Papa Fundi. Sisi wa maigizo tulimwita Fundi wa Mataa. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja wa tai na funguo nyingi, alimwita Technicien kwa heshima zote, mpaka macho ya mtu wetu yalipoanza kufifia. Hapo akaanza kumwita "muzee wetu", nami nikajua kuna jambo. Ndivyo hasa ilivyokuwa: alitaka kumwondoa mezani. Na kilichombakiza pale ni kisanduku kimoja cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni, pamoja na ukaidi wa binti yake. Nitafika huko. Kwanza mumjue mwenyewe.

Alikaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, juu ya stuli ndefu, mbele yake meza ya taa. Meza hiyo si ya kulia chakula. Ni sinia la chuma lenye safu ya vishikio vidogo, kila kishikio na taa yake. Ukikisukuma mbele taa inapanda, ukikivuta inashuka, ukikiacha katikati kinabaki palepale, hata uzime mashine uje uiwashe mwakani. Ya kwake ilikuwa kuukuu, maandishi yote yamefutika, lakini vidole vyake vilijua njia. Kofia nyeupe ya kushonwa kichwani, ovaroli ya buluu mwilini, karanga mfukoni. Alitafuna karanga tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho, na ukisikia ameacha kutafuna ujue kuna kitu umekosea.

Kazi yake aliifundisha kwa maneno machache. "Washa sura, acha ukuta ulale," ndilo lililokuwa somo zima. Ukimwomba mwanga zaidi alikuuliza, "Zaidi ya kuona nini?" Ukikosa jibu, hupati. Nyumbani kwake, mtaa wa Kamalondo, sebule nzima ilikuwa na balbu moja, tena hafifu. Zaina, binti yake, amenisimulia jinsi walivyokula nusu gizani utoto wao wote, na walipolalamika kwamba hawaioni nyama kwenye sahani, baba yao akawaambia nyama haiko teatri, inaliwa, haitazamwi. Umeme ukikatika mtaani na majirani wakianza kulaani, yeye alitoa kiti nje akakaa kwa raha zake. "Acha bantu bapumuzike kidogo, basionane," alisema.

Alikuwa Mwislamu, wa zile familia za Maniema, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwawashia Wakristo. Saa ya sala ikifika mazoezi yalisimama. Hakuomba ruhusa. Alishusha vishikio vyote, akatandika mkeka wake nyuma ya pazia jeusi, na kwaya nzima, sauti zote nne, ikangoja gizani ikinong'ona. Mara moja kiongozi mgeni wa kwaya alipandwa na hasira akauliza tunangoja nini. Mama mmoja wa sauti ya pili akamjibu bila hata kugeuka, "Tunangoja Papa Fundi amalize na Mungu, kiisha tuanze siye." Mwezi wa Ramadhani wamama hao hao walimletea uji kwenye termosi, wakaulinda kama mboni ya jicho mpaka jua lizame. Nyimbo zao za Pasaka alizijua zote, na aliziimba puani, sauti ya nne, akidhani hatusikii.

Kuna aliyemuuliza mbele ya watu: "Papa Fundi, weye Muislamu, kila mwaka unatuwashia Noeli na Pasaka, ju ya nini?"

Akaimaliza karanga yake kwanza. "Ju bantu banakuya kuona. Baone nini, mugongo yangu?"

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na subira ya ajabu na taa, anazibembeleza, anazisemesha kama kuku wa nyumbani, lakini na watu hakuwa nayo hata chembe. Atakufokea mpaka usahau maneno yako, halafu baada ya nusu saa unaletewa karanga zimefungwa kwenye karatasi, na hapo umeshaombwa radhi, usitegemee zaidi. Alipanda ngazi mpaka darini bila kushika kitu, sisi huku chini tumeziba nyuso, lakini sindano? Yalaa! Siku wauguzi walipokuja ukumbini kuchanja watu, Fundi alijifungia kwenye stoo ya taa. Walipoondoka akatoka na mavumbi mabegani, akasema alikuwa anapanga nyaya.

Sasa nije kwenye giza, maana kwa Fundi giza ndilo lililokuwa kazi yenyewe, na mwanga ni matayarisho. Ukumbi wetu hauna dirisha hata moja. Mchana kweupe, ukizima taa, huoni hata mkono wako. Na giza hilo hakulitazama, alilisikia. Aliponiambia nilidhani ananitania. Tulikuwa tumekaa naye nyuma, wengine wanacheza, akaninong'oneza: "Funga macho, Mama. Usiangalie. Sikia."

Nikafumba. Kulikuwa na kelele za kawaida: viti vya chuma vinalia, watu wanajipepea kwa karatasi, mtu anakohoa. Akaanza kushusha. Viti vikaendelea kulia. Akashusha tena, bado watu wanajipepea. Kisha kila kitu kikakoma kwa mpigo, viti, karatasi, kikohozi, ukumbi mzima ukavuta pumzi, na mama mmoja akasema taratibu, "Mawee."

"Ile njo giza," akasema Fundi. "Kama bangali banajipepea, giza haiyafika."

Tangu siku hiyo nami nikaanza kusikiliza. Nikagundua kwamba ni kweli, mtu akiwa gizani kabisa anasahau joto.

Ila taa nazo zina ukaidi wao. Kutoka mezani kwenda kwenye taa za juu kulikuwa na waya mmoja tu. Amri zote zilipita humo: wewe wa mlangoni panda, wewe wa katikati shuka. Kwa mtu mmoja unatosha. Shida ilianza vikundi vya wageni vilipokuja na kompyuta zao, wakitaka kujiwashia wenyewe kwa rangi zao. Ili kompyuta iingie, meza ya Fundi ilibidi ichomolewe, na Fundi alinuna siku nzima kama mtu aliyenyang'anywa kitanda chake mwenyewe. Basi mwaka mmoja, wakati wa igizo la Mateso la parokia, akapata wazo. Alisema waya ni bomba, na mabomba mawili yanaweza kujaza ndoo moja. Akakata, akamenya, akaunganisha waya wa kompyuta na wa meza yake kwa utepe mweusi, akaniita nije nione akili.

Pilato anaingia, watu wametulia, na taa zote zikashikwa na wazimu. Nyekundu, buluu, kiza, jua, kiza, kama baa ya Jumamosi. Pilato, ambaye nje ya jukwaa ni fundi cherehani mwenye adabu zake, akasahau maneno akabaki anaangalia juu. Watoto wakapiga makofi wakidhani ndiyo Ufufuo. Fundi aliung'oa utepe ule kwa meno.

Zaina alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Baba, ile haiko mayi! Ni masemi. Bantu babili bakisema mara moja mu sikio moja, utasikia nini?"

Kwa muda mrefu baada ya hapo, ukitaka kumchokoza Fundi, ulimuuliza tu habari za bomba na ndoo, kisha ukajiondokea haraka.

Huyo Zaina alikuwa na mambo yake. Alianza na biashara ya samaki wakavu wa kutoka Kasenga, akaiacha kwa sababu ya harufu, au ndivyo alivyosema, akaingia kwenye kuwasha harusi kwa kompyuta. Baba yake alizidharau taa za harusi. "Bintu ya kuzunguka-zunguka kama nzi," alisema. Lakini nenda ukamsikilize sokoni! Wauza vitunguu wote walikuwa na habari kwamba binti wa Fundi anaongoza taa kwa kidole kimoja.

Ndiye aliyekileta kile kisanduku, kikapitia mpakani Kasumbalesa kimeviringishwa ndani ya taulo jipya. Kina matundu mawili ya kuingilia na moja la kutokea. Waya wa meza unaingia huku, wa kompyuta kule, na kinachotoka ni kimoja. Kazi yake ni nyepesi kuieleza: kwa kila taa kinasikiliza pande zote mbili, halafu kinapeleka amri iliyo kubwa. Meza ikisema nusu na kompyuta ikisema robo, taa inapata nusu. Kompyuta ikisema jua kali na meza isiseme kitu, taa inapata jua kali. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Fundi alikigeuzageuza mkononi akakipa jina palepale: Shibukombe. Neno la Kibemba hilo, ni yule mtu anayetumwa kati ya familia mbili wakati wa posa, abebe maneno ya huku na ya kule mpaka yawe neno moja. Lakini haukupita muda akaja na lalamiko.

"Huyu Shibukombe ni mupumbafu," alisema. "Anasikia tu ule anasema kwa nguvu. Ule wa kusema polepole hana mulango."

"Ni kweli, Baba," Zaina akamjibu. "Kuwasha, muntu moja anatosha. Kuzima, lazima mukubaliane bote babili."

Fundi alibaki na karanga mkononi bila kuipeleka mdomoni. "Ah bon," akasema mwishowe. "Basi haiko mupumbafu sana."

Yote hayo yalikuwa mchezo mpaka macho yalipoanza. Mtoto wa jicho, tena pande zote mbili. Hakumwambia mtu. Sisi tuligundua kwa ngozi zetu, maana taa zilizidi kupanda. Mtu aliyekuwa anatutilia mwanga kama chumvi, sasa anatumwagia gunia zima. Kwa macho yake jukwaa lilikuwa jioni. Sisi juu pale tulikuwa tunakaangwa. Zaina akampeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari akasema inapasuliwa, jambo la kawaida, watu wanafanyiwa na kurudi nyumbani. Fundi katika maelezo yote alisikia neno sindano tu. "Ntaona na ile inabakia," akasema, akavaa kofia yake.

Msimamizi akatuita ofisini, Zaina na mimi. "Muzee wetu ametumika sana, tunamushukuru, sasa apumuzike," alisema. "Zaina achukue kazi." Hakuna baya katika maneno hayo, na ndiyo maana yaliniuma. Akilini nilimwona Fundi amekaa kwenye kiti chake nje, mchana kutwa, na karanga zake, anangoja umeme ukatike apate la kufurahia.

Zaina ndiye aliyejibu. Meza zote mbili zitabaki, alisema. Yeye atashika kompyuta, baba yake atashika meza yake, Shibukombe atawachanganya. Msimamizi alichezea funguo zake, akakubali tujaribu.

Na ilikwenda vizuri! Walikaa bega kwa bega kule nyuma, kofia nyeupe na kitambaa cha kichwa cha Zaina, wanabishana na kupeana karanga. Kwaya hazina shida na giza. Mwanakwaya anataka kuonekana na mama yake, na kwa Fundi wa siku zile mama yake angemwona hata akiwa Sakania kule mbali.

Kisha likaja igizo langu. Nililiandika mwenyewe na nikalicheza mwenyewe. Ni habari ya mke wa dereva wa lori. Mume alikwenda kupanga foleni Kasumbalesa na hakurudi, hakufa, alipata nyumba nyingine ng'ambo ya mpaka. Mke kila siku anamwachia taa ya mafuta inawaka dirishani. Mwisho wa igizo anaizima. Ni hilo tu, lakini igizo lote liko hapo. Ukumbi usipoingia giza kabisa, yule mama bado anangoja, na mimi nimewaita watu bure.

Mazoezini nikaizima taa yangu. Zaina akashusha zake zote. Nikabaki pale jukwaani, naonekana vizuri, na kivuli changu nyuma. Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara ulibaki mwanga mmoja mwembamba wa alfajiri, kwa sababu kule nyuma Fundi alikuwa ameshusha vishikio mpaka pale macho yake yaliposema kumekuwa giza, na macho yake yalisema hivyo mapema mno. Shibukombe naye hakuwa na la kufanya. Upande mmoja ukisema kidogo na mwingine ukisema hapana, yeye anapeleka kidogo.

Msimamizi alikuwa mlangoni. "Siku ya onyesho giza isipofika," alisema, kwa upole ule ule, "siku ya Lundi meza moja itatoka. Munajua ni gani." Lundi, yaani Jumatatu, ilikuwa siku mbili tu baada ya onyesho. Halafu akatuvuta pembeni, akashusha sauti. Tuuchomoe tu waya wa muzee kwenye kisanduku. Atabaki anasukuma vishikio vyake, hatajua kama haviendi popote, na kila mtu atafurahi.

Sijapata kumwona Zaina vile. "Nimuchomoe baba yangu?" alisema. "Akae mbele ya bantu anashikashika bintu bya kufa? Ile waya haitatoka. Kama ni kumutoa, mumutoe na macho yake inaona."

Nikaenda kukaa na Fundi mwenyewe. Mimi ni mtu wa kuropoka, lakini siku hiyo ulimi ulikuwa mzito.

"Papa," nikasema, "kuna mwanga unabaki pale mwisho. Ni wa kwako."

Akaacha kutafuna. "Miye naona giza."

"Najua. Lakini sisi hatujalipata."

Moyo wangu ulikuwa unaniuma kama vile nimempiga. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Basi macho inanisemea bongo. Uongo mutupu."

"Giza hulitazami, Papa. Si ulinifundisha mwenyewe? Unalisikia."

"Nisikie nini, Mama?" Akaonyesha ukumbi kwa mkono. "Viti bitupu? Viti bitupu haibipumui."

Alikuwa na haki. Mazoezi hayana watu, na bila watu hakuna cha kusikiliza. Tungejua siku yenyewe, mbele ya wote, na msimamizi mlangoni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama, joto lilikuwa kali, karatasi zinapepea kila upande kama kundi la njiwa. Nilicheza, sikumbuki nilivyocheza. Nilikuwa nafikiria mwisho tu. Nilipofika dirishani nikaishika taa yangu ya mafuta, nikasema maneno yangu, nikaizima.

Taa za Zaina zikashuka. Kule nyuma, kwa mwanga wa kompyuta, nilimwona ameinua mikono yote miwili, yeye amemaliza. Nami nilikuwa naiona mikono yangu. Naiona vizuri, mpaka na kucha. Watu wanajipepea. Kiti kimelia. Mtu upande wa kushoto amecheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua kama igizo limeisha. Mungu wangu, nikasema moyoni, Lundi imefika.

Hapo nikaiona kofia nyeupe inageuka. Fundi aliupa jukwaa kisogo. Aligeuza uso ukutani, sikio likaelekea kwa watu, na kidole chake kikaendelea kuvuta. Mikono yangu ikafifia. Karatasi bado zinapepea. Akavuta tena. Sasa nilikuwa naona vidole tu, halafu hata vidole sivioni. Bado mtu mmoja anajipepea mahali fulani, mtu mkaidi huyo, ningemjua ningemnunulia soda anyamaze. Kisha karatasi ile nayo ikakoma. Viti vikatulia. Ukumbi wote ukavuta pumzi, na upande wa kulia, katikati ya kimya kile, sauti ya mwanamke ikasema: "Mawee."

Nilisimama gizani nikalia machozi ya kweli, machozi mazuri kabisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeyaona.

Wakati wa kusalimu watu, Zaina alipandisha taa zake, na Fundi akapandisha moja tu, ile ya mlango wa kushoto wa jukwaa, kunionyesha pa kutokea. Watu walipiga makofi sana. Msimamizi alipiga pia, tena alikuwa anatabasamu, na habari ya Lundi hatukuisikia tena. Fundi aliteremka kwenye stuli yake akaenda kusali, na kishikio kile akakiacha kilivyo. Kesho yake akamwambia Zaina ampeleke kwa yule munganga wa macho. Zaina alidhani hakusikia vizuri. "Giza naisikia," baba yake akasema. "Lakini sura haisikikake. Nataka kuona sura kabla sijakufa." Nasikia kule hospitali alishikilia mkono wa binti yake mpaka ukafa ganzi, akaomba dua kwa sauti, akawaombea hadi wauguzi, na alipomaliza akaambiwa sindano ilikwisha zamani.

Alikaa nyumbani kwa majuma mengi. Zaina akaendelea peke yake, na kila mara kabla ya kuanza aliwasha meza zote mbili. Ya baba yake pia. Vishikio vyake vyote vilikuwa chini isipokuwa kile kimoja, kwa hiyo taa ya mlango wa kushoto iliwaka siku zote, kwaya ziimbe, wahubiri wahubiri, bwana mmoja wa sauti ya tatu akawa anang'aa kila Jumapili kuliko bibi arusi. Watu walilalamika. Msimamizi alisema ni kidole kimoja tu, akivute. Zaina alimjibu vilevile kila mara, "Atakuya kuishusha mwenyewe." Hata mimi niliporudia igizo langu, giza sikupata. Nilimfanya yule mama azime taa yake, atoke kwa mlango ule wenye mwanga, aende zake. Kusema kweli wengine walipenda hivyo zaidi, na sijaamua kama nimewasamehe.

Juzi juzi amekuja. Ilikuwa mchana, Zaina na mimi tulikuwa tumemaliza mazoezi, taa za kompyuta zimeshazimwa, tunakusanya vitu. Mlango ukafunguka, akaingia na miwani myeusi aliyopewa na daktari, jicho moja tayari, la pili linangoja zamu yake. Alitembea katikati ya viti bila kushikwa. Akafika mbele yangu, akaivua miwani, akanitazama kwa karibu sana.

"Kumbe Mama, umezeeka hivi! Na miye niko nakuwashia kama mutoto wa bantu!"

Nilimpiga begani. Nilicheka, nikamshika mkono, sikutaka kuuachia.

Lakini yeye alikuwa ameshageuka anatazama jukwaa, na uso ukakunjamana. "Nani anaacha mataa inawaka pale?" akafoka, sauti ile ile ya zamani. "Fasi haina muntu! Inawaka zaidi ya kuona nini?"

Zaina aliinama akaanza kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

"Zaina! Ni nani?"

"Ni weye, Baba."

Hakuelewa. Zaina akanyoosha mgongo, akamwambia: "Tangu ile siku. Njo fasi uliiacha. Nilikuwa nawasha meza yako kila siku. Sikuigusa."

Fundi alikwenda nyuma taratibu, sisi tukimfuata, akapanda stuli yake, akapapasa safu ya vishikio mpaka kidole kikakifikia kile kilichosimama peke yake. Akakiweka kidole juu yake bila kukivuta. Kwa mkono mwingine akatoa karanga mfukoni, akampa Zaina, akanipa na mimi, akatia zake mdomoni.

"Zaina, ya kwako iko chini?"

"Iko chini, Baba."

Akavuta. Mlango wa kushoto ukafifia, ukawa mstari, ukapotea. Zaina akavuta pumzi, na mimi nikavuta yangu. Tulikaa hivyo watatu katika viti vitupu, hakuna aliyemwona mwenzake, mpaka tukamsikia, kwa raha zake, anatafuna karanga.